Yai la Kanga si Pembe ya Ndovu

Zipo sheria ambazo watu huzivunja kwa ubaya wa roho, na zipo sheria ambazo watu huzivunja kwa sababu hawana njia ya kuzitii. Zile za kwanza zinahitaji askari. Hizi za pili zinahitaji kurekebishwa. Katika fungu hili la pili naiweka amri inayomtaka mtu wa kawaida, anayependa kufuga kanga wanne au kware kumi nyuma ya nyumba yake, awe na kibali cha wanyamapori, kana kwamba ameomba kufuga simba. Sisemi kibali kisiwepo. Nasema kwamba kibali cha namna hii, kilicho mbali na kijiji na kisichojua kutofautisha ndege wa banda na ndege wa pori, hakimlindi ndege wa porini hata mmoja. Kinamlinda mtega mitego.

Najua maneno haya ni makali. Namwomba msomaji anivumilie hadi mwisho, ndipo anihukumu.

Mimi si mtaalamu wa wanyamapori. Ni mwalimu mkuu mstaafu, umri wangu umevuka sabini, na makazi yangu ni Bugomora, katika wilaya ya Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe. Nilipita chuo cha ualimu wakati ambapo Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikuwa bado ya moto. Kila shule ilipaswa kuwa na shamba, na nyingi zilikuwa na banda la kuku au vizimba vya sungura. Tulifundishwa kwamba mtoto anayelisha mnyama kila asubuhi hujifunza hesabu, sayansi na uwajibikaji kwa mpigo mmoja. Mengi ya wakati ule yamekwisha pita, lakini imani hiyo sijaiacha.

Aidha, sisi wa huku hatuzungumzii wanyamapori kwa kusoma magazetini. Ibanda na Rumanyika, yaliyokuwa mapori ya akiba, yalipandishwa hadhi mwaka 2019 yakawa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Kanga, kwale na kware ni majirani zetu. Mvua zikishika, watoto wanaochunga mbuzi wanajua nyasi zipi zimeficha kiota. Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kuwa na ndege hawa, na kwa masharti gani, kwetu si swali la mezani. Ni swali la kila nyumba yenye watoto.

Kwanza niwe mwadilifu kwa sheria yenyewe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile Na. 12 ya mwaka 1974, inasema kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Naafiki kwa moyo wote. Sheria hiyo inapotaja nyara haimaanishi pembe na ngozi tu. Inamaanisha mnyama mwenyewe, awe hai au amekufa, na pia nyama yake, mfupa wake, unyoya wake na yai lake. Adhabu za kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kali mno. Baadhi ya makosa hayo, kwa sheria ilivyorekebishwa, yana kifungo kisichopungua miaka 20.

Ukali huo haukutoka hewani. Tembo wa nchi hii walikuwa zaidi ya 109,000 mwaka 2009. Walipohesabiwa tena mwaka 2014 walikuwa wamebaki takriban 43,000. Taifa lililoona maangamizi kama hayo lina haki ya kukasirika na kukunja ngumi. Sina ugomvi na ngumi hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba ngumi iliyokunjwa kwa ajili ya muuza pembe imeachwa ikining'inia juu ya bibi kizee mwenye kuku anayelalia mayai ya kanga.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sheria hiyo hiyo inawaweka kando wanyama wanaofugwa: ng'ombe, mbuzi, kuku na wenzao hawamo. Basi kanga yuko upande upi? Tuseme jirani yangu, ambaye kanga wake walitoka kwa mtu wa mji mwingine, ananipa mayai manane. Nayaweka chini ya kuku wangu mtetea. Kuku huangua mayai yake kwa siku 21. Ya kanga yanadai siku 26 hadi 28, hivyo mtetea wangu atavumilia karibu wiki moja zaidi bila kunung'unika. Vifaranga wakitoka watamfuata kuku kama mama yao. Hawajaona pori, wala mama yao mlezi hajaliona. Je, hao ni mali ya umma au ni mifugo yangu? Na kama ni mali ya umma, ni siku gani umma uliwapoteza nami nikawaiba?

Swali hili nimeliuliza kwa miguu yangu mwenyewe. Baada ya kustaafu nilitaka kufuga kanga kwa ajili ya kupitisha uzee na kuwaonyesha wajukuu, nikaona si vyema mwalimu aliyefundisha uraia miaka yote aanze kwa kuvunja sheria. Ofisi ya kwanza niliyokwenda waliniambia kanga ni ndege wa kufugwa kama bata, nijenge banda, nisiwasumbue. Ofisi ya pili waliniambia kanga ni nyara, niandike barua ya maombi, niambatishe mchoro wa banda na maelezo ya mahali nitakapopata ndege, kisha nisubiri wakaguzi. Ofisi ya tatu alikuwapo kijana mpole, akaniangalia mvi zangu, akacheka kidogo, akasema: "Shikamoo Mwalimu. Wewe fuga tu, mzee wangu. Nani atakuja kukuuliza?"

Majibu matatu kwa swali moja, na la tatu ndilo lililoniudhi kuliko yote, ingawa lilitolewa kwa heshima. Sheria inayotegemea ukimya wa afisa mwema leo, kesho ni fimbo mkononi mwa afisa mbaya. Mtu mmoja niliyemfundisha darasa la nne alikuwa na kanga kumi na mmoja. Walipita watu wawili waliojitambulisha kwamba wanatoka serikalini, wakamwuliza kibali, wakamtajia miaka ya kifungo. Jambo likamalizwa kama mambo ya namna hiyo yanavyomalizwa: kanga wawili walitiwa kwenye gunia, fedha kidogo zikabadilishana mikono, na hapakuwa na stakabadhi. Wiki iliyofuata akachinja waliosalia. Niambie, ndugu msomaji, ni ndege gani wa porini aliyeokoka siku ile?

Watetezi wa utaratibu uliopo watasema: basi angekata kibali, yasingemkuta. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa unakaa mjini. Kutoka Bugomora hadi Bukoba ni safari ya kupita Omurushaka, ushuke hadi Kyaka, ndipo uendelee. Na ukifika ukaambiwa mhusika yuko kwenye semina, utalala au utarudi mikono mitupu. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula na malazi, vinazidi thamani ya kanga wawili wakubwa. Hapo sijataja ada, wala picha, wala safari ya pili ya kufuata majibu. Mfanyabiashara mwenye shamba la ndege mia tano atamudu, maana gharama hiyo ataigawanya kwa ndege mia tano. Mwenye ndege wanne ataigawanya kwa wanne. Kibali kimoja, bei moja, masharti yale yale. Lakini kwa mmoja ni karatasi na kwa mwenzake ni ukuta.

Sasa tumtazame yule ambaye utaratibu huu ulikusudiwa kumzuia. Mtega mitego haombi kibali. Mtaji wake ni kamba, fimbo mbichi na punje za mahindi. Hutega jioni, hutegua alfajiri, na kabla jua halijapanda kanga amekwisha nyonyolewa na kuchemshwa, akiuzwa vipande vipande mahali penye pombe. Hana banda la kukaguliwa, hana sauti za ndege zinazosikika barabarani, hana daftari. Mfugaji ana anwani, mtegaji hana. Ukimpa afisa mwenye pikipiki moja na mafuta haba kazi ya kutafuta wakosaji, atakwenda wapi? Atakwenda palipo na anwani. Hiyo si tuhuma kwa maofisa. Ni tabia ya kazi yoyote inayopimwa kwa idadi ya kesi.

Na liko jambo baya zaidi. Vifaranga halali wanapokuwa adimu, mtu mwenye hamu ya kufuga hageuki kuwa mtu asiye na hamu. Humwita mtoto wa jirani, humpa sarafu, humtuma porini akalete mayai. Kanga hutaga juu ya ardhi, na mara nyingine majike zaidi ya mmoja hutaga kiota kimoja, hivyo mtoto mmoja kwa asubuhi moja aweza kubeba uzazi wa msimu mzima. Amri iliyokusudiwa kukilinda kiota imekipandishia bei.

Nimesikia hoja za upande wa pili, na zipo zenye uzito. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husema: tukiruhusu ufugaji kwa urahisi, watu watakamata ndege wa porini na kudai wamezaliwa bandani. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu sisemi tuache milango wazi. Lakini dunia imekwisha ijibu. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, CITES, ambao Tanzania iliingia mwaka 1979, unamtenga mnyama aliyetolewa porini na aliyezaliwa kwenye uangalizi wa binadamu. Hati zake zina alama moja kwa huyu na alama nyingine kwa yule. Wafugaji wa ndege ng'ambo huwavisha vifaranga pete ya mguu isiyo na maungio, ambayo hupita tu mguu ukiwa bado mdogo. Ndege mkubwa wa porini huwezi kumvisha pete hiyo bila kumvunja mguu. Kwa hiyo ukimwona kanga mkubwa mwenye pete nzima, umejua alikuwa mikononi mwa mtu tangu utotoni. Pete haikwambii yai lilitoka wapi, nakubali, na ndiyo maana pete lazima iende pamoja na daftari: nani alimpa nani mayai, mangapi, tarehe ipi. Ikiwa taifa linaweza kutofautisha chanzo cha ndege kwenye karatasi za kimataifa, kwa nini lishindwe kwenye daftari la kata?

Hoja ya pili ni ya magonjwa. Kanga na kware hupata mdondo kama kuku, na mafua ya ndege hayachagui. Nakubali kabisa kwamba serikali inapaswa kujua ndege wako wapi. Lakini kujua walipo ni jambo moja, na kumtaka mtu aombe ruhusa ni jambo jingine. Uingereza, ambako mafua ya ndege yaliwatesa miaka ya karibuni, kuanzia Oktoba 2024 kila mwenye ndege wa kufugwa katika England na Wales, hata awe na kuku mmoja tu bustanini, analazimika kujiandikisha. Anasema yuko wapi, ana ndege wa aina gani, wangapi, na anawafuga kwa kusudi gani. Halipi kitu. Ugonjwa ukizuka wanajua pa kumpata. Huko ndiko kuhesabu kwa akili. Sisi tunadai kibali, na kwa kukidai tunawafanya watu wawafiche ndege. Ugonjwa ukizuka hatutajua hata pa kuanzia.

Tunaokumbuka kodi ya kichwa hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Kabla kodi ya maendeleo haijafutwa mwaka 2003, wanaume wazima walikuwa wakisikia mgambo wanakuja hukimbilia migombani, na mji ukabaki na wanawake na wazee. Ungehesabu siku hiyo ungedhani nchi haina wanaume. Vivyo hivyo na kahawa yetu: kila mara njia halali ilipokuwa nyembamba, kahawa ilivuka mto usiku kwenda Uganda kwa magendo, na takwimu zikaonyesha kwamba mibuni yetu imeacha kuzaa. Mtu akiogopa kuhesabiwa, hesabu yote ni ya uongo.

Hoja ya tatu husema kwamba kibali kinamlinda mfugaji mwenyewe asijiingize kwenye jambo asilolijua. Hapa tuwatazame ndugu zetu wa Kenya. Kati ya miaka ya 2012 na 2014 ilizuka huko homa ya kufuga kware. Watu waliambiwa mayai yake ni dawa ya maradhi kadha wa kadha. Wafanyakazi wakatumia akiba zao, wengine wakakopa. Shirika la huduma kwa wanyamapori la nchi hiyo, KWS, likadai mfugaji awe na leseni. Leseni zikakatwa. Kisha kila mtu akawa na mayai na hakuna wa kuyanunua, bei ikaanguka kama jiwe, na mwenye leseni akapata hasara sawasawa na asiye nayo. Karatasi ile ilimpa ruhusa, haikumpa maarifa. Wimbi hilo lilifika hata Tanzania, na wapo waliobaki na matundu matupu.

Na huyo kware mwenyewe hebu tumwangalie, maana yeye ndiye anayefichua udhaifu wa mawazo yetu kuliko kanga. Kware wanaofugwa kibiashara asili yao ni Japani. Mayai yake huanguliwa kwa siku 17 au 18, na kwenye wiki ya sita au ya saba jike ameanza kutaga. Amefugwa muda mrefu kiasi kwamba kulalia mayai yake amekwisha sahau; anahitaji mashine au kuku mdogo wa kumsaidia. Kware wetu wa porini ni mwingine kabisa, msafiri anayefuata mvua na nyasi. Wajaluo wa Siaya humnasa kwa kutundika juu ya mti mrefu vitundu vyenye kware wanaolia kuwaita wenzao. Wa kwanza ni kuku mdogo mwenye jina la pori. Wa pili ni mnyamapori halisi. Amri inayowaweka wote wawili katika kapu moja kwa sababu wanaitwa jina moja ni kama mwalimu anayewaadhibu wanafunzi wawili kwa sababu majina yao yanafanana.

Hata kanga wetu, Waafrika tunapaswa kuona aibu kidogo. Huyu ni ndege wa bara hili. Mababu wa kanga wa kufugwa walitoka Afrika Magharibi, na Wareno waliwapeleka Ulaya katika karne ya 15. Leo Ufaransa ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kumzalisha. Kule ni kitoweo cha Jumapili, huuzwa sokoni kando ya kuku, na hakuna anayemwita nyara. Huku alikotoka, mwanakijiji anayetaka kumfuga hajui kama ni mfugaji au mhalifu. Twasema kanga zetu za kuvaa zimepata jina kwa madoadoa ya ndege huyu. Basi jina lake tunalivaa kila siku, na mwenyewe tunamwogopa.

Majimbo mengi ya Marekani nayo hudai leseni kwa anayefuga ndege wa kuwindwa nyumbani. Nimezitaja nchi za wengine si kwa kuamini kwamba kila cha ng'ambo ni chema, la hasha. Nimezitaja kuonyesha kwamba suala si kuwa na utaratibu au kutokuwa nao. Utaratibu mzuri humwuliza mfugaji: umemtoa wapi ndege huyu? Utaratibu mbovu huuliza tu: ndege huyu anaitwa nani?

Kuna jambo jingine ambalo hulisema kwa shingo upande, lakini nisipolisema nitakuwa nimeficha nusu ya ukweli. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, twiga wakiwamo, walipakiwa kwenye ndege katika uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar. Twiga, msomaji wangu! Mnyama ambaye huwezi kumficha hata nyuma ya nyumba. Biashara ya wanyama hai ikasimamishwa mwaka 2011, na Mei 2016 serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Hatua hizo zilikuwa za haki. Lakini mwanakijiji aliyesikia habari zile redioni alijifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba kizuizi ni cha miguu midogo, na miguu mirefu hupita. Heshima ya sheria haijengwi kwa kumtisha mwenye yai. Hujengwa pale mwenye yai anapoona kwamba anahukumiwa kwa kipimo kinacholingana na yai.

Mwaka 1961, katika Azimio la Arusha la wanyamapori, ambalo wengi hulichanganya na lile la 1967, Nyerere aliahidi mbele ya dunia kwamba taifa hili jipya litawatunza wanyama wake kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ahadi hiyo imetunzwa kwa gharama, na wanavijiji wa pembezoni mwa mapori wamelipa sehemu kubwa ya gharama hiyo kwa mashamba yao na usingizi wao. Ni watu hao hao wanaohitajika kutoa taarifa wanapoona mitego. Nani atatoa taarifa ya mtego wa jirani kwa afisa ambaye, akija, atasikia sauti za kanga zangu na kuniuliza kibali? Atanyamaza. Nami sitamlaumu.

Basi nataka nini? Nataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wafadhili.

La kwanza, itamkwe kwa maandishi, kwa Kiswahili, na kubandikwa kwenye kila ofisi ya kijiji: ndege yupi ni wa kufugwa na yupi ni wa porini. Kware wa Kijapani aingizwe pamoja na kuku na bata. Kanga aliyeanguliwa bandani kutokana na wazazi wa bandani naye aingizwe humo, kwa masharti ya daftari.

La pili, kwa mwenye ndege wachache, tuseme wasiozidi ishirini, kibali kigeuzwe kuwa uandikishaji, nao ufanywe kwa mtendaji wa kata akishirikiana na afisa mifugo, bila ada au kwa ada isiyozidi bei ya yai. Mwenye mamia ya ndege kwa biashara aendelee kukaguliwa na kulipia, maana faida yake yatosha.

La tatu, chanzo cha vifaranga kithibitishwe. Mashamba na vyuo vya mifugo vizalishe kanga na kware kwa ajili ya kuwauzia wananchi, na kila mauzo yawe na stakabadhi. Mtu akiweza kununua kifaranga halali kwa bei nafuu, hatamtuma mtoto kiotani.

La nne, baada ya kufanya hayo, adhabu kwa anayetoa mayai au ndege porini zibaki pale pale na zitekelezwe bila huruma ya kinafiki. Hapo sitamtetea mtu, hata akiwa mwanafunzi wangu. Ukishampa mtu njia halali, iliyo karibu na yenye bei anayoimudu, akaamua kupita vichakani, huyo amejichagulia mwenyewe.

Watu wataniambia: Mwalimu, nchi ina matatizo ya maji, barabara na madawati, nawe unaandika kurasa hizi kwa ajili ya kanga? Nami nawajibu kwamba katika miaka yangu ya ualimu nilijifunza kuwa mtoto hajifunzi kuheshimu sheria kwenye mambo makubwa. Anajifunza kwenye madogo. Anapomwona baba yake akificha kanga chini ya kapu kwa sababu pikipiki ya serikali inapita, amejifunza kwamba serikali ni kitu cha kufichwa. Somo hilo hutaliondoa baadaye kwa mtihani wa uraia. Na anapomwona baba yake akienda ofisi ya kata, akiandika idadi ya kanga wake kwa mkono wake, akirudi na karatasi yenye muhuri na kuitundika ukutani, mtoto huyo amejifunza kinyume chake, na siku atakapokuta kitanzi kwenye njia ya pori atakitegua na kukipeleka ofisini bila kuogopa kuulizwa habari za nyumbani kwao.

Wenye mamlaka ya kutunga kanuni, wengi wenu mmepita mikononi mwa walimu kama mimi, na baadhi yenu mlilisha sungura wa shule mkiwa na kaptula. Hamkuomba kibali cha kumpenda mnyama. Mlipewa zamu, daftari na ndoo ya maji, na mtu wa kuwakagua aliyekuwa karibu. Wapeni wanavijiji hayo hayo.